Neno Dogo na Mizigo Yake

Miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kiingereza hukutana nayo katika majuma ya kwanza ya masomo yake, limo neno moja fupi, lenye herufi nne na silabi moja tu, ambalo walimu wengi hulipita haraka kwa kudhani kuwa ni jepesi. Neno hilo ni "take". Mwalimu huliandika ubaoni, huweka alama ya usawa mbele yake, kisha huandika "chukua". Mwanafunzi naye hunakili katika daftari lake, na wote wawili huendelea na neno linalofuata wakiamini kwamba deni limekwisha kulipwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba deni hilo halijalipwa, na kwamba alama ile ya usawa imekuwa chanzo cha hasara mbili: inamzuia kijana wetu kukijua Kiingereza sawasawa, na inaleta ulegevu katika Kiswahili chenyewe. Dai letu ni hili: wingi wa maana za neno ni kumbukumbu ya kazi ambazo neno hilo limepewa na watu wanaolitumia. Mwenye kutaka kujua maana ya neno, kwanza na aulize linafanya kazi gani na limefuatana na nani; na mwenye kutaka lugha yake itajirike, na aipe kazi.

Twaomba msomaji asidhani kuwa shabaha yetu ni kuwasahihisha Waingereza katika lugha yao. Sisi tumezoea mashairi kwa upande mmja, na majalada ya ofisi kwa upande wa pili. Neno hutujia kwa njia hizo mbili: ama latakiwa litoshe katika mizani, ama latakiwa lieleweke katika waraka. Katika njia zote mbili, neno lililowekwa mahali pasipo pake hutoa mlio wa debe tupu.

Hesabu ya watunga kamusi

Mwaka 1755 Samuel Johnson alichapisha mjini London kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza. Alipokifikia kitenzi "take", alijikuta akieleza maana 134. Maelezo hayo pamoja na mifano yake yalijaza kurasa tano, maneno yapatayo 8,000. Kwa neno moja la silabi moja, hicho ni kijitabu kizima. Nayo kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ilikipa kitenzi "set" maana zaidi ya 430. Baadaye, wakati kamusi hiyo ilipokuwa ikifanyiwa marekebisho, mhariri wake mmoja, Peter Gilliver, alitumia muda wa miezi tisa kukishughulikia kitenzi "run" peke yake, akapata maana 645.

Mtu asikiapo hesabu kama hizi, upesi huharakia hukumu. Husema: "Tazama utajiri wa lugha ya wenzetu! Neno moja lina maana mia sita, na sisi kamusi yetu hulipa neno maana tatu au nne." Hukumu hii tumeisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma sana, na yafaa ichunguzwe kwa makini kabla ya kukubaliwa.

Kwanza, hesabu ya maana hutegemea jicho la mwenye kuhesabu. Tukisema "chukua kitabu" na "chukua mtoto", je, hiyo ni maana moja au mbili? Mtunga kamusi mmoja atasema ni moja, kwa kuwa mkono ni ule ule. Mwingine atasema ni mbili, kwa kuwa kitabu huwekwa kwapani na mtoto huwekwa mgongoni. Hakuna mizani ya sokoni inayoweza kuamua baina yao. Kwa hiyo hesabu 134 yatuambia habari za bidii ya Johnson kama inavyotuambia habari za neno lenyewe.

Pili, kamusi za Kiingereza zina umri mrefu na zimetengenezwa na mikono mingi. Kazi ya kamusi ya Oxford ilianza kufikiriwa mwaka 1857, na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa upande wetu, kamusi ya Krapf ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1882, ile ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939, na mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, inayoeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Kulinganisha kamusi hizi kwa hesabu ya maana ni sawa na kulinganisha mavuno ya mashamba mawili ambayo moja limelimwa kwa misimu mingi na jingine limefyekwa juzi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wingi wa maana katika neno moja si sifa tupu. Johnson mwenyewe, katika dibaji ya kamusi yake, alilalamika kwamba vitenzi vya aina hii vimelegea mno na hutumiwa kwa ujumla mno, hata ni vigumu kuvifuata katika vichochoro vyake. Aliyeihesabu hazina hiyo hakuifurahia. Aliiona kuwa ni msitu. Ikiwa mwenyeji mwenye elimu alitoa malalamiko hayo, sisi wageni tuna sababu gani ya kuona haya?

Neno lililokuja kwa jahazi

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi. Neno hili "take", ambalo leo laonekana kuwa ndilo Kiingereza kitupu, halikuzaliwa Uingereza. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi chao, "niman", ndugu wa "nehmen" ambalo Wajerumani wanalitumia mpaka leo. Kisha wakaja watu wa Skandinavia kwa majahazi yao, kwanza kwa vita, baadaye kwa kulowea, wakaleta neno lao "taka", ambalo kazi yake ilikuwa ni kushika na kugusa kwa mkono. Kufikia karne ya 11 neno la wageni lilikwisha kuingia katika maandishi ya Kiingereza. Taratibu likamsukuma mwenyeji nje ya nyumba yake. Neno "niman" likafa, likaacha masalia machache tu, kama vile "numb", linalomaanisha kufa ganzi: kiungo kilichotwaliwa hisia zake.

Mafunzo yaliyomo katika kisa hiki ni mawili. La kwanza, lugha haidhoofiki kwa kukopa. Wapo miongoni mwetu wanaoona aibu kwamba Kiswahili kilikopa "fikiri", "safiri" na "samehe" kutoka Kiarabu, kana kwamba lugha nyingine zilishuka zimekamilika. Kumbe hata neno ambalo Mwingereza hulitamka pengine mara mia kwa siku lilikuwa mgeni mlangoni pake. La pili, neno hilo halikupata maana zake siku lilipofika. Lilifika na kazi moja, kazi ya mkono. Maana nyingine zilikuja baadaye, moja baada ya nyingine, kila watu walipohitaji kusema jambo wakalikuta neno hili karibu.

Tuchukue mfano wa picha. Kabla kamera haijabuniwa, mchoraji wa Kiingereza alikwisha kusemwa kuwa "ameichukua" sura ya mtu, yaani ameihamisha kutoka usoni na kuiweka kwenye karatasi. Kamera ilipokuja katika karne ya 19, usemi ulikuwa tayari wangoja. Fundi wa picha akaurithi kutoka kwa mchoraji. Basi maana hiyo haikuchipuka ndani ya neno kama uyoga. Ililetwa na ufundi, na ufundi huo ni kazi ya watu.

Zaidi ya hayo, Kiingereza kina desturi ya kulipa neno fupi msaidizi mfupi zaidi, na wawili hao wakazaa maana mpya kabisa. Kwa msaidizi mmoja, "take off", ndege huruka, mtu huvua nguo, na mchekeshaji humwigiza mkubwa fulani ili watu wacheke. Kwa msaidizi mwingine, "take in", mgeni hupokewa nyumbani, gauni hupunguzwa upana, na mjinga hudanganywa. Kwa wa tatu, "take after", mtoto hufanana na mzazi wake. Mwanafunzi aliyeandika "chukua" katika daftari lake atafanya nini mbele ya ndege, gauni na mtoto huyu? Ataduwaa, kisha atajilaumu kwa uzito wa kichwa, na hali kosa ni la ile alama ya usawa.

Mkono wa Mswahili

Hebu sasa tuone Mswahili afanyavyo pale ambapo Mwingereza hutumia neno lake hilo moja. Mwingereza "huichukua" dawa. Mswahili huinywa au huimeza. Mwingereza "hulichukua" basi; Mswahili hulipanda. Mwingereza "huuchukua" mtihani, Mswahili huufanya. "Huchukua" kiti, Mswahili huketi. "Huchukua" pumzi; Mswahili huivuta. "Huchukua" joto la mgonjwa, Mswahili hulipima. "Huchukua" mke, Mswahili huoa. "Huchukua" sehemu katika shughuli, Mswahili hushiriki. "Huchukua" ushauri, Mswahili huufuata. "Huchukua" moyo; Mswahili hujipa moyo. Na Mwingereza "achukuapo" kiapo, Mswahili hukila.

Katika orodha hiyo, kitenzi kimoja kwa upande mmoja kimekutana na vitenzi kumi na viwili kwa upande wa pili, na kila kimoja kati ya hivyo kinaonyesha tendo lenyewe lilivyo. Mwenye kusikia "panda" huuona mguu ukiinuliwa. Mwenye kusikia "vuta" huliona jambo likija ndani. Je, ni lugha ipi hapa iliyo maskini? Lakini nasi tusitoke katika unyonge tukaingia katika majivuno, kwa maana njia hiyo ya Mwingereza nasi tunayo. Tunalo neno "piga", ambalo lafanya kazi usiku na mchana bila mapumziko. Twapiga simu, twapiga kura, twapiga pasi, twapiga deki, twapiga picha, twapiga magoti, twapiga hodi, twapiga kambi, twapiga miayo, twapiga mbizi, twapiga chapa, twapiga marufuku. Mgeni aliyefundishwa kwamba "piga" ni kuchapa kwa fimbo atashangaa sana kuona jinsi tunavyoyatesa magoti yetu. Na "kula" nako hakukomei kwenye chakula: watu hula kiapo, hula njama, hula hasara na hula rushwa.

Kwa hiyo tofauti ya lugha hizi mbili haiko katika kuwa moja ina neno la kazi nyingi na nyingine haina. Kila lugha ina hamali wake. Iliyo tofauti ni njia ya kutwika. Mwingereza huliacha neno lake lilivyo, akalizungushia wasaidizi. Mswahili hulipa jina la kufuatana nalo, kama tulivyoona kwa "piga", au hulinyumbua neno lenyewe likaota viungo. Tazama neno "enda". Kutoka humo twapata endea, endesha, endeka, endelea, endeleza. Kisha mwendo, mwenendo, mwendeshaji, na hatimaye maendeleo, neno ambalo taifa zima limelibeba katika hotuba, mipango na nyimbo zake. Mwenye kuhesabu maana za "enda" peke yake, akawaacha watoto na wajukuu wake nje ya hesabu, atatuambia kwamba Kiswahili ni maskini. Hesabu yake itakuwa sahihi, na kauli yake itakuwa ya uongo.

Chukua na twaa

Tumeona safari ya neno la Kiingereza. Neno letu "chukua" nalo lina safari yake, na mwanafunzi anapaswa kuijua, maana bila hiyo hataelewa kwa nini alama ya usawa haifai.

Katika Kiswahili cha zamani, kazi ya kutia kitu mkononi na kukifanya chako ilikuwa ya neno "twaa". "Chukua" lilikuwa na kazi nyingine: kubeba, kuhimili, kwenda na mzigo. Ushahidi wake ungalipo mbele ya macho yetu. Mtu abebaye mizigo kwa ujira huitwa mchukuzi, na kazi ya kusafirisha watu na bidhaa huitwa uchukuzi. Mama huchukua mimba. Chombo huchukua abiria kumi, yaani huwatosha kuwabeba. Mto huchukua daraja, usingizi humchukua mlinzi. Nguo iliyomkaa mtu vizuri husemwa kuwa imemchukua. Na mtoto mwema husemwa kuwa anawachukua wazee wake, akiwa anawalisha na kuwatunza. Hapo mzigo umekuwa heshima.

Baadaye "chukua" likaenea hata likaingia katika eneo la "twaa", kama vile neno la Skandinavia lilivyoingia katika eneo la "niman". Leo katika mazungumzo ya kila siku "twaa" ni adimu. Limebaki kwa wachezaji wanaotwaa kombe, kwa watawala wanaotwaa madaraka, na kwa sisi watunzi wa mashairi, tunaolihifadhi kwa sababu ya sauti yake na kwa sababu nyingine ya kifundi: "twaa" lina mizani mbili na "chukua" lina mizani tatu, na mizani moja ndiyo humwokoa mshairi usiku wa manane. Ushairi wa arudhi una faida hiyo isiyosemwa sana, ya kuyatunza maneno ambayo soko limeyatupa.

Hata hivyo, katika kuhama kwake "chukua" halikuusahau mzigo. Linyumbue, uone. "Chukulia" ni kulitazama jambo kwa namna fulani, na pia ni kumvumilia mtu: "mchukulie, ndivyo alivyo". "Chukuliana" ni kuvumiliana, kila mmoja akiubeba udhaifu wa mwenziwe. Huu ni msamiati wa ujirani mwema, ambao neno "take" halina. Twathubutu kusema kwamba mwanafunzi anayejua kwamba kuchukuliana kwatoka katika kubeba, amejua jambo juu ya maadili ya watu wa lugha hii ambalo hotuba ndefu isingemfundisha.

Madhara ya sarafu moja

Sasa tufike kwenye hasara tuliyoitaja mwanzo. Alama ile ya usawa iliyoandikwa katika daftari haibaki daftarini. Mwanafunzi hukua, huwa mwandishi wa habari, karani, mganga, mfasiri, na huendelea kulipa kila "take" kwa sarafu ile ile. Ndipo tunaposoma na kusikia Kiswahili cha namna hii, ambacho sisi wenyewe tumekitunga hapa kwa mfano, ingawa vipande vyake si vigeni kwa msomaji: "Mkutano wa wazazi utachukua nafasi Jumamosi. Kila mzazi achukue basi la saa mbili, achukue kiti mapema na achukue sehemu katika majadiliano. Picha zitachukuliwa mwishoni."

Tangazo hilo lina maneno ya Kiswahili, lakini aliyezoea Kiswahili hulisoma mara mbili. Mkutano utachukua nafasi ya nani? Kwa maana katika Kiswahili, kuchukua nafasi ni kuingia mahali pa mwingine aliyeondoka: naibu huchukua nafasi ya mkuu. Mzazi achukue kiti akipeleke wapi? Picha zikichukuliwa mwishoni, je, zilikuwa zimetundikwa ukutani? Tangazo lilitakiwa kusema hivi tu: "Mkutano wa wazazi utafanyika Jumamosi. Kila mzazi apande basi la saa mbili, aketi mapema na ashiriki katika majadiliano. Picha zitapigwa mwishoni." Maneno yamepungua, na hakuna aliyeachwa na swali.

Wengine watasema kuwa hilo ni jambo la kupendeza masikioni tu. Basi tulipeleke hospitalini. Mgonjwa akiambiwa dirishani, "Chukua vidonge hivi", atanyoosha mkono avipokee, na huo ndio Kiswahili. Lakini karatasi ikimwandikia, "Chukua vidonge viwili asubuhi na viwili jioni", yeye ambaye hajui Kiingereza ana haki ya kuuliza: nivichukue wapi, tena mara mbili kwa siku? Mfasiri alikuwa na neno "meza" mkononi mwake, neno lisilo na shaka yoyote, akaliacha kwa sababu daftari la shule halikulitaja. Hapo anayelipa gharama ya tafsiri mbovu ni mtu aliye dhaifu kuliko wote, naye hana kamusi.

Hatusemi kwamba kila maana inayokuja kwa njia ya Kiingereza ifukuzwe. Husemwa leo "kuchukua hatua" na "kuchukua muda", na semi hizo zimekaa vizuri, watu wote wanazielewa, wala hazikumnyang'anya mwenyeji kazi yake. Kipimo chetu ni hiki: maana mpya ikileta upambanuzi ambao haukuwapo, ikaribishwe, ikileta utata mahali palipokuwa na uwazi, irudishwe ilikotoka. "Kuchukua nafasi" kwa maana ya kufanyika hakupiti katika kipimo hicho, maana kunawagonganisha watu wawili katika mlango mmoja. "Kuchukua picha" nako hakupiti, maana mpiga picha alikwisha kuwa na jina lake na kazi yake.

Haki itendeke pande zote mbili. Kijana anayeandika kwa Kiingereza kwamba "aliipiga picha", akitumia neno la kuchapa kwa fimbo, amefanya kosa lile lile kwa kuelekea upande wa pili. Huyu darasani huchekwa. Yule wa "mkutano utachukua nafasi" hachekwi. Pengine husifiwa kwa lugha ya kisasa. Kwa nini kosa dhidi ya Kiingereza liwe aibu, na kosa dhidi ya Kiswahili liwe maendeleo? Swali hili twaliacha mikononi mwa walimu, maana wao ndio wenye kalamu nyekundu.

La kufanya darasani

Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika sekondari, lugha ya kufundishia imeendelea kuwa Kiingereza. Kwa hiyo watoto wengi wa Tanzania huvuka daraja la lugha wanapoingia kidato cha kwanza, na huvuka wakiwa wamebeba daftari lile la alama za usawa. Mjadala juu ya lugha ipi itumike ni mrefu, na hatukusudii kuumaliza hapa. Lakini lugha yoyote itakayotumika, mambo matatu yawezekana kesho asubuhi bila ya kungoja waraka.

La kwanza, neno lisiandikwe peke yake. Liandikwe pamoja na wenzake, katika sentensi nzima: dawa imo, basi limo, kiapo kimo. Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Maneno nayo ni hivyo, na anayetaka kuwajua awatazame wakiwa kundini.

La pili, mwanafunzi aulizwe kwanza ni tendo gani linalotendeka, kabla ya kuulizwa neno. Afumbe macho alione: je, mtu huyu anameza, anapanda, anapima au anabeba? Akishaliona tendo, Kiswahili chake cha nyumbani kitamletea neno bila ya jasho, maana analo tangu utotoni. Kinachomzuia kulitumia ni hofu ya kwenda kinyume cha daftari.

La tatu, njia hiyo ipitwe pia kwa kurudi. Mwanafunzi apewe semi kumi za "piga", azitafutie Kiingereza chake, aone jinsi mlango mmoja wa Kiswahili unavyofungua vyumba kumi vya Kiingereza. Akishayaona yote mawili, hatazidharau lugha zake, wala hataabudu yoyote kati yazo.

Wafasiri wakubwa wametangulia katika njia hii. Mwalimu Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare uhusuo mfanyabiashara wa Venice, tafsiri iliyotoka mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Kamusi ingempa neno "mfanyabiashara", naye akaliacha. Alitazama kazi ambayo watu wale waifanya katika mchezo, na wakati ambao wasomaji wake walikuwa wakiishi, akachagua. Mtu aweza kubishana na uchaguzi wake, na mabishano hayo yafaa darasani. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba neno lile liliwekwa bila ya kufikiriwa.

Mwezi Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tulifurahi, na tunaendelea kufurahi kila siku hiyo ifikapo. Ila kisa cha "take" chatukumbusha kwamba neno lile halikupewa maana zake kwa sherehe. Lilizipata jikoni, bandarini, mahakamani, hospitalini na shuleni, kwa kutumiwa na watu waliokuwa na jambo la kusema. Kiswahili nacho hakina njia nyingine. Kitakua kwa mwalimu anayekitumia kueleza sayansi, kwa hakimu anayekiandikia hukumu, na kwa mganga anayemwandikia mgonjwa neno "meza" mahali pa "meza".

Kwa kuwa sisi hatuwezi kuagana na msomaji kwa nathari pekee, twamwachia ubeti mmoja auchukue nyumbani, kwa maana zote mbili za kuchukua:

Neno huwa ni hamali, kila mtu hulitwisha,
Lapitia kila hali, kazi zikilizoesha,
Kulilaza si halali, uvivu huliangusha,
Lipe kazi ya akili, na nguvu litaonyesha.